Filamu ya Édith Piaf, La Môme (La Vie en rose): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila filamu hii inapotazamwa na watu ambao hawakukua na nyimbo za Édith Piaf, na mengine machache kutoka kwa wale wanaozijua kwa moyo na wanaoondoka wakiwa na manung'uniko. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine. Asiyependa kufichuliwa mwisho wa hadithi aisome sehemu ya kwanza tu, kisha aitazame filamu.

## Mambo ya msingi

1. Filamu hii inamhusu nani, na ilitoka lini?

Inamhusu Édith Piaf, mwimbaji wa Kifaransa aliyezaliwa Paris tarehe 19 Desemba 1915 na kufariki Oktoba 1963 akiwa na umri wa miaka 47. Iliongozwa na Olivier Dahan, ambaye pia aliiandika pamoja na Isabelle Sobelman, na nafasi ya Piaf ikachukuliwa na Marion Cotillard. Ilifungua tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2007, na siku chache baadaye, tarehe 14, ikaanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ufaransa, ambako ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5. Urefu wake ni kama saa mbili na dakika ishirini.

2. Mbona ina majina mawili, na yana maana gani?

Wafaransa waliiita *La Môme*, neno la mitaani linalomaanisha kitoto au kibinti. Nje ya Ufaransa jina hilo lisingemwambia mtu chochote, kwa hiyo ikapewa jina la wimbo wa Piaf unaojulikana kuliko yote, *La Vie en rose*, yaani maisha yanayoonekana kwa rangi ya waridi, kama yanavyoonekana na mtu aliyependa na kupendwa. Maneno ya wimbo huo Piaf aliyaandika mwenyewe mwaka 1945.

Jina la Kifaransa lina uzito ambao lile la kimataifa halina. Louis Leplée, mwenye klabu aliyemtoa msichana huyo barabarani (tazama swali la 12), alimtangaza kwa jina la La Môme Piaf, na *piaf* kwa lugha ya vichochoro vya Paris ni shomoro, kile kindege cha kijivu kinachookota makombo mbele ya mikahawa. Msichana mwenyewe alikuwa na urefu wa mita 1.47 hivi, na jina likamkaa kama lililoshonwa kwa kipimo chake. Kwa maoni yangu jina la asili ndilo linaloieleza filamu, kwa sababu rangi ya waridi ndani yake ni ya kutafuta kwa tochi.

3. Sijui Kifaransa. Je, nitaifuata?

Utaifuata kwa maandishi ya tafsiri chini ya picha, na ni vyema kuichagua nakala yenye sauti ya asili badala ya ile ambayo waigizaji wamewekewa sauti za watu wengine. Nusu ya kazi ya Cotillard iko katika sauti ya kuongea: ile lafudhi ya Belleville, mtaa wa Paris wa utoto wake, yenye kukwaruza na kucheka kwa nguvu, ambayo Piaf hakuiacha hata alipokuwa akila na mabalozi. Wasomaji wa Bujumbura, Bukavu au Kigali waliosoma Kifaransa cha shule watashangaa jinsi Kifaransa hiki kilivyo mbali na kile cha vitabuni.

4. Inafaa kutazamwa pamoja na watoto?

Watoto wadogo, hapana. Sehemu ndefu ya mwanzo inatokea ndani ya danguro, na baadaye kuna ulevi, sindano za mofini na mwili unaooza mbele ya macho ya mtazamaji.

## Jinsi hadithi ilivyopangwa

5. Kwa nini hadithi inarukaruka miaka?

Hili ndilo lalamiko la kwanza la watazamaji wengi, nalo si la bure. Filamu inafunguka mwaka 1959 jijini New York, Piaf akianguka jukwaani, kisha inamrudisha mtazamaji kwenye utoto wake Belleville wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kuanzia hapo inakwenda na kurudi bila kuomba ruhusa. Mwanamke mgonjwa anayeonekana kama bibi wa miaka themanini ana miaka arobaini na kitu tu, na asiyelijua hilo hudhani ameruka miongo mitatu.

Dahan hakutaka kufuata kalenda. Alichofuata ni kumbukumbu ya mtu anayekaribia kufa, ambayo huibua lile linalouma kabla ya lile lililotangulia. Ukiitazama hivyo, mirukio inapata mantiki: kila mara Piaf anapoachwa na mtu, iwe ni mama, baba, mlezi au mpenzi, picha inayofuata humkuta akiimba au akijiandaa kuimba. Huo ndio uzi mmoja unaoishikilia filamu nzima, na ndio unaoeleza pia kilichoingizwa na kilichoachwa nje (tazama maswali ya 14 na 16). Wapo watakaosema kwamba uzi huo ungeonekana vizuri zaidi kama miaka ingepangwa sawasawa, na katika saa ya kwanza ninakubaliana nao. Baada ya hapo sikubaliani nao tena.

Msaada mdogo kwa anayetazama mara ya kwanza: angalia nywele. Zikiwa nene, Piaf bado ni kijana. Zikiwa chache, nyekundu na zenye vijikunjo, uko katika miaka yake ya mwisho.

6. Lile tukio la habari ya kifo cha bondia Marcel Cerdan, mpenzi wa Piaf, limepigwa vipi?

Ni mkupuo mmoja mrefu wa kamera. Piaf anaamka akiamini kwamba mpenzi wake amewasili, anamkumbatia, anakimbia vyumbani kumletea kahawa, anatafuta saa aliyomnunulia huku akiwagombeza watu waliosimama wakiwa na nyuso zilizokunjamana, mpaka anaambiwa kwamba ndege imeanguka. Analia akipita kwenye ujia wa nyumba, na ujia huo huo unamfikisha jukwaani, mbele ya hadhira. Hakuna mahali picha inapokatwa ili mtazamaji apumue, na kwa sababu hiyo tukio linamkaba koo. Kama mtu ana dakika tano tu za kuamua kama Dahan ni mwongozaji wa kweli au mpambaji, azitumie hapa.

## Cotillard na sauti

7. Je, Marion Cotillard anaimba mwenyewe?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Nyimbo nyingi zinazosikika ni rekodi za Piaf mwenyewe, na Cotillard anafuatisha kwa midomo, kile ambacho wanamuziki wetu wanakiita pleibeki. Pale ambapo rekodi haikuwepo au haikufaa, kwa mfano katika miaka ya kuimba barabarani ambayo hakuna aliyeirekodi, sauti ni ya mwimbaji Jil Aigrot, ambaye mlio wake unakaribiana sana na wa Piaf.

Watu wengine husikia jibu hili wakadhani kazi imekuwa rahisi. Kufuatisha sauti ya Piaf si kufungua na kufumba mdomo. Mwimbaji huyo aliikunja herufi ya *r* kooni mpaka ikawa kama ngoma, na pumzi zake zinasikika katika rekodi, kwa hiyo mwigizaji anapaswa kuvuta hewa mahali palepale, shingo na mbavu zikitikisika kwa wakati uleule. Angalia shingo ya Cotillard, si midomo.

8. Walimzeeshaje hadi asitambulike?

Cotillard alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi na ana urefu wa mita 1.69, na alitakiwa kumwigiza mwanamke mfupi sana kuanzia ujana hadi kitanda cha mauti. Alinyoa nyusi zake na sehemu ya nywele za mbele ili paji la uso lipande, nyusi nyembamba zikachorwa kwa penseli, na kwa matukio ya miaka ya mwisho alikaa saa nyingi kwenye kiti cha wapambaji kabla ya kamera kuwashwa. Upambaji huo uliongozwa na Didier Lavergne na Jan Archibald.

Urefu ulitatuliwa zaidi kwa mwili kuliko kwa hila. Cotillard anajikunja, anaingiza kichwa mabegani na kuipindisha mikono, kwa sababu Piaf wa kweli aliteswa na baridi yabisi iliyomkakamaza viungo, na ajali za gari kuanzia mwaka 1951 zilimzoesha mofini.

9. Ilishinda tuzo gani?

Cotillard alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwezi Februari 2008, na akawa wa kwanza kuipata kwa kuigiza katika lugha ya Kifaransa. Kabla yake, mwanamke pekee aliyekuwa ameshinda tuzo hiyo kwa lugha isiyo Kiingereza alikuwa Sophia Loren wa Italia. Mwaka huohuo alichukua pia César (tuzo ya filamu ya Ufaransa), BAFTA (ya Uingereza) na Golden Globe (ya Marekani), na Lavergne na Archibald wakapata Oscar ya upambaji. Kwa jumla filamu ilipata César 5 na BAFTA 4.

## Kilicho kweli na kilichotiwa chumvi

10. Je, kweli Piaf alizaliwa barabarani?

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mama yake alijifungua kwenye ngazi za nyumba nambari 72, rue de Belleville, na hadi leo kuna kibao ukutani kinachosema hivyo. Cheti cha kuzaliwa kinasema alizaliwa katika hospitali ya Tenon, iliyo mtaa wa karibu. Piaf mwenyewe hakuwahi kuwa na haraka ya kuwasahihisha waliopenda toleo la ngazi. Jina lake halisi lilikuwa Édith Giovanna Gassion, na Édith alipewa kwa heshima ya Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyeuawa na Wajerumani miezi miwili kabla.

11. Je, ni kweli kwamba alilelewa danguroni, na kwamba alikuwa kipofu akapona kwa muujiza?

La danguro ni kweli. Baba yake, Louis Gassion, alikuwa mwanasarakasi wa barabarani aliyeitwa vitani, mama yake alikuwa mwimbaji asiyeweza kumtunza, na mtoto akapelekwa Bernay, Normandy, kwa bibi mzaa baba aliyesimamia nyumba ya namna hiyo. Wanawake wa pale walimlea na kumpenda. Filamu imeukusanya upendo wao ndani ya mtu mmoja, Titine, anayeigizwa na Emmanuelle Seigner, ili kuachana kwao kuwe na uso.

Kuhusu macho, Piaf aliugua uvimbe wa mboni akiwa mdogo na kwa muda hakuona. Wanawake wa nyumba ile walichanga fedha wakampeleka kuhiji kwa Mtakatifu Teresia wa Lisieux, naye akapona. Kama ni matibabu au ni maombi, filamu inamwachia mtazamaji, lakini Piaf hakuwa na shaka: alimheshimu mtakatifu huyo hadi mwisho wa maisha yake.

12. Louis Leplée alikuwa nani, na je, Piaf alihusika na kifo chake?

Leplée, anayeigizwa na Gérard Depardieu, alikuwa na klabu iitwayo Le Gerny's karibu na Champs-Élysées. Mwaka 1935 alimsikia msichana akiimba barabarani, akamwajiri na kumpa jina la jukwaani (swali la 2). Aprili 1936 aliuawa nyumbani kwake. Polisi walimhoji Piaf kwa sababu aliwajua wahuni wa Pigalle, mtaa wa starehe za usiku wa Paris, na magazeti yakamchafua vibaya, ila hakupatikana na hatia yoyote. Aliyemnyanyua tena ni mwandishi wa mashairi Raymond Asso, ambaye filamu inamwonyesha akimfunza kwa ukali jinsi ya kulitamka neno na kuitumia mikono.

13. Momone alikuwa dada yake kweli?

Simone Berteaut, ambaye ndiye Momone wa filamu, alikuwa rafiki wa miaka ya njaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alidai kuwa dada wa Piaf kwa baba, dai ambalo waandishi wa wasifu wa Piaf wamelikataa. Filamu inamweka kama rafiki tu, na imefanya busara.

14. Mtoto anayetajwa mwishoni ni nani, na mbona hakutajwa mapema?

Ni Marcelle, binti pekee wa Piaf, aliyezaliwa mwaka 1933 mama yake akiwa na miaka 17, na aliyefariki mwaka 1935 kwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kutimiza miaka mitatu. Filamu inalificha jambo hili mpaka usiku wa mwisho, na watazamaji wengi huona wamechezewa.

Nilikuwa miongoni mwao. Nilipoitazama mara ya pili nilibadili mawazo, kwa sababu niliona kwamba kila tukio la Édith mtoto akiachwa lilikuwa tayari linalizungumzia tukio ambalo bado hatujaoneshwa. Mtu hulizungushia kumbukumbu nyingine jambo asiloweza kulisema, na hapo mpangilio unaoelezwa katika swali la 5 unalipa deni lake.

15. Je, Piaf ndiye aliyemwomba Cerdan apande ndege?

Ndivyo inavyosimuliwa, na ndivyo Piaf alivyoamini. Marcel Cerdan, mzaliwa wa Algeria mwenye makazi Casablanca, alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa kati kwa kumpiga Tony Zale mwezi Septemba 1948, na akaupoteza kwa Jake LaMotta mwaka uliofuata. Alikuwa na mke na watoto watatu, jambo ambalo filamu inalitaja bila kulikalia. Oktoba 1949 alikuwa akienda Marekani kwa pambano la marudiano, na Piaf, aliyekuwa akiimba New York, alimsihi asisafiri kwa meli. Ndege ya Air France ilianguka katika visiwa vya Azores tarehe 28, wakafa wote 48 waliokuwamo. Usiku huohuo Piaf alipanda jukwaani.

Kosa moja linalorudiwa sana: wengi hudhani kwamba wimbo wa *Hymne à l'amour*, yaani utenzi wa mapenzi, uliandikwa baada ya msiba. Piaf alikuwa ameshauimba New York mwezi Septemba 1949, Cerdan akiwa hai. Aliurekodi mwaka 1950, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuusikia kama wimbo wa mtu aliye hai.

## Yaliyoachwa nje

16. Mbona Vita ya Pili ya Dunia haimo?

Filamu inairuka karibu yote, na hii, kwa maoni yangu, ndiyo dosari yake kubwa. Piaf aliimba Paris iliyokuwa chini ya Wajerumani, na alisafiri hadi Ujerumani kuwaimbia wafungwa wa kivita wa Kifaransa. Inasimuliwa kwamba picha alizopigwa pamoja na wafungwa zilitumiwa kutengenezea vitambulisho bandia vya kuwasaidia kutoroka, na wasifu mbalimbali unabishana kuhusu ukubwa wa jambo hilo. Hata hivyo, utata wa namna hiyo ndio ambao filamu ingepaswa kuushika. Kisingizio cha kumbukumbu ya mgonjwa (swali la 5) hakitoshi: miaka minne ya kuimbia mji uliokaliwa na jeshi la kigeni haiwezi kumtoka mtu akilini.

17. Waimbaji Yves Montand na Charles Aznavour wako wapi?

Hawajapewa nafasi ya maana, ingawa Piaf alimpenda Montand na kumfundisha kazi kuanzia mwaka 1944, na Aznavour aliishi nyumbani kwake na kumwandikia nyimbo. Ndoa zake mbili, na Jacques Pills mwaka 1952 na Théo Sarapo mwaka 1962, nazo hazina uzito. Matokeo yake mtazamaji anamwona Piaf aliyesaidiwa na wanaume, lakini hamwoni Piaf aliyewatengeneza wanaume, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa adimu zaidi katika muziki wa Ufaransa. Kuna kichekesho kidogo hapa: bibi wa Bernay anaigizwa na Catherine Allégret, binti wa kulea wa Yves Montand.

18. Ni kweli kwamba Piaf ana asili ya Afrika?

Ndiyo, kwa upande wa mama. Bibi yake mzaa mama, aliyejulikana kwa jina la Aïcha na aliyemlea kwa muda kabla ya safari ya Bernay, alitoka katika ukoo wa Waberber wa Afrika Kaskazini. Filamu haielezi asili hiyo.

## Maswali ya pembeni

19. Kuna filamu nyingine kumhusu?

Zipo. Guy Casaril alitoa ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 1983 Claude Lelouch alitoa *Édith et Marcel*, ambamo bondia anaigizwa na mwanawe mwenyewe, Marcel Cerdan mdogo. Anayetaka habari za Cerdan peke yake aanzie hapo.

20. Wimbo wa mwisho ni upi, na mbona nimewahi kuusikia katika filamu ya ndoto?

Ni *Non, je ne regrette rien*, yaani hapana, sijutii chochote. Muziki ni wa Charles Dumont na maneno ni ya Michel Vaucaire, waliompelekea Piaf mwaka 1960 akiwa amedhoofika na hataki kupokea wageni. Aliusikia, akasema huo ndio, na kwa wimbo huo akarudi katika ukumbi wa muziki wa Olympia, Paris, ambao ulikuwa ukikaribia kufungwa kwa madeni na ambao maonyesho yake yaliuokoa. Wimbo huohuo ndio unaowaamsha wahusika usingizini katika *Inception* ya mwaka 2010, ambamo Cotillard anaigiza tena.

21. Kwa nini vitabu vinatoa tarehe mbili za kifo chake?

Alifariki tarehe 10 Oktoba 1963 katika nyumba ya Plascassier, karibu na Grasse, kusini mwa Ufaransa, ini likiwa limeharibika. Mwili ulisafirishwa usiku kwa siri hadi Paris ili ionekane kwamba amefia mjini kwake, na kifo kikatangazwa kuwa kimetokea tarehe 11. Siku hiyo ya 11 ndiyo aliyofariki rafiki yake, mwandishi Jean Cocteau. Kanisa lilikataa kumfanyia misa ya mazishi, kwa kuwa alikuwa ametalikiwa na kuolewa tena, lakini makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza hadi makaburi ya Père Lachaise. Amelazwa humo pamoja na baba yake na Marcelle.